Pini Iliyobaki Mfukoni

Haya, mmenibana, nitasema, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi nikachoka. Ni kweli yale mliyosikia. Ni kweli kwamba mimi Owino, fundi wa magari, mtu mzima na akili zangu, nilimpakata mama mkwe wangu katikati ya soko la Kaplong, mchana kweupe, watu wakiangalia, na wakati huo alikuwa hata hajawa mama mkwe (hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe, angekuwa ameshakuwa pengine ingekuwa nafuu).

Siku hizo nilikuwa fundi kwenye shamba moja la chai, njia ya kutoka Kericho kwenda Sotik, chai yenyewe ilikuwa bado changa, vichaka vinakufika magotini, na barabara ni udongo mwekundu mtupu, mvua ikinyesha unateleza hata ukiwa umesimama. Bwana mwenye shamba tulimwita Bwana Haraka, kwa sababu hatukuwahi kumwona akitembea, alikuwa anakimbia hata akienda kulala, na huyo Bwana alikuwa na gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili tu, liko chini chini utadhani limekaa. Alilipata likiwa tayari limezeeka kwa mzungu mwenzake aliyekuwa anarudi kwao. Sisi tulilipa jina Panzi, maana springi zake zilikuwa zimechoka kabisa, likikanyaga jiwe linaruka, likitua linaruka tena.

Sasa siku moja Bwana Haraka aliruka nalo pale darajani, akarudi ameshika kiuno, akaniambia, "Owino, toa springi yote. Weka mpya. Pini yote mpya, bushi yote mpya. Hapana acha ya zamani hata moja. Na gari hapana toka kwa geti mpaka yote mpya, wewe sikia?" (Kiswahili chake kilikuwa hicho cha amri, lakini kilieleweka, huwezi kusema hukuelewa.) Nikasema nimesikia. Sanduku la vyuma likaja kwa reli, halafu kwa lori, na Bwana mwenyewe akaenda Kisumu kwa shughuli zake, akisema atarudi Jumatatu.

Kwa nyinyi ambao hamjui magari, springi za siku zile zilikuwa vyuma virefu vilivyopinda, vimelaliana kimoja juu ya kingine kama mablanketi, na kila springi inashikiliwa kwenye mwili wa gari na pini, na pini inakaa ndani ya bushi, kibomba kifupi cha chuma. Pini ni kitu kidogo, urefu wa kidole, unene wa kidole gumba, lakini yeye ndiye anabeba mzigo wote. Akisagika akawa mwembamba, iko siku atakatika, na akikatika upande ule wa gari unalala chini kama ng'ombe aliyekataa kulima.

Nilifanya kazi nzuri, hiyo mniandikie, mpaka Jumamosi mchana nilikuwa nimemaliza pande tatu, springi mpya zinang'aa, pini mpya, bushi mpya, grisi kila mahali. Upande wa nne, nyuma kulia, springi iliingia bila matata, lakini pini moja ya juu, ile ya zamani, ilikuwa imeshikana na bushi yake kwa kutu ikakataa kutoka. Nikaipiga nyundo, ikakataa, nikaitukana, ikakataa. Mwenzangu pale gereji alikuwa arap Rono, mtu wa hapa hapa, mpole, haongei sana, akachungulia chini akasema, "Mwagia mafuta ya taa, wacha ilale mpaka Jumatatu. Itatoka yenyewe."

Na angekuwa anaongea na mtu mwenye masikio tungeishia hapo. Lakini Jumamosi hiyo mimi nilikuwa na mambo yangu.

Nilikuwa namtaka msichana anaitwa Dorka, binti ya Karani Yeremia, aliyekuwa anapima majani kwenye shamba la jirani. Watu wa ziwani kama mimi, waliokuja huku kwa kazi, watu wa kanisa, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Dorka alinipenda, mimi nilimpenda, mshenga alikuwa anakwenda na kurudi, na Jumapili ya wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa siku yangu ya kufika pale nyumbani kujibiwa. Lakini nilikuwa nimesikia mzee amesema, "Fundi ni mtu wa kulala chini ya gari." Neno hilo liliniuma sana. Na Dorka alikuwa amenidokezea kwamba wazazi wake Jumamosi hiyo alasiri wangepita barabarani kwenda Kaplong kwenye maombi. Basi nikataka wanione mara moja tu nikiwa juu ya gari, si chini yake.

Ndipo nikafanya kile kitu. Nilipangusa ile pini ya zamani, nikaipaka grisi, nikachukua rangi nyeusi nikaipaka kichwa chake vizuri, ukiangalia huwezi kuitofautisha na zile mpya. Ile pini mpya yenyewe nikaitia kwenye mfuko wa shati, hapa kushoto, nikajiambia Jumatatu asubuhi nitaiweka kabla Bwana hajashuka, moja tu kati ya pini zote hizo, tena iko nyuma, nani ataiona?

Arap Rono aliniangalia nikipaka. Akauliza, "Rangi ndiyo itabeba gari?"

Nikamwambia awache wivu.

Nikanawa, nikavaa kofia, nikatoka kwa geti. Na Panzi, wacha niwaambie ukweli, siku hiyo lilikuwa limetulia kama godoro, nikajisifu peke yangu njia nzima, nikaanza hata kuimba. Nilikuwa nimepanga kuwapita taratibu, niinue kofia kidogo, niende zangu. Kumbe mbele kidogo nikawakuta wamesimama. Mama Dorka amekaa kwenye ukingo, mguu mmoja umefungwa kitambaa, alikuwa ameteleza akaingia mtaroni, kifundo kimevimba. Karani Yeremia amesimama na mwavuli wake mweusi, anaangalia mawingu, maana huku mvua ya alasiri haikosi.

Sasa kabla sijaendelea, kuna wengine hapa si wa kwetu. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humpi mkono, humtazami usoni, huli naye, mkikutana kwa njia nyembamba mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na ukiwa bado hujajibiwa ndiyo mbaya zaidi, heshima yako yote inapimwa hapo. Kwa hiyo nilipoona ni yeye nilikuwa tayari nimegeuza uso naangalia chai.

"Owino," akasema Karani Yeremia. "Ni Mungu amekuleta. Mchukue mama mpaka Kaplong, mimi nitakuja kwa miguu."

"Mzee," nikasema, "viti ni viwili tu."

"Nimeona. Nimehesabu. Lakini mguu ndio huo na mvua ndiyo hiyo." Halafu akaangalia magurudumu, karani ni karani, lazima akague. "Gari ni zima?"

Ndugu zangu, neno lilikuwa hapa mdomoni. Mzee, gari bado, kuna pini moja. Maneno machache tu! Mtu angekasirika kidogo, ningelirudisha gari, basi, mambo yakaisha. Lakini nikaikumbuka ile "mtu wa kulala chini ya gari", nikajinyoosha nikasema, "Hakuna shida, mzee. Kila kitu ni kipya."

Wakashauriana jinsi ya kumkalisha. Mama akaingia akiwa amegeukia nje kabisa, kikapu mapajani, na katikati yetu akafungua mwavuli wa mzee uwe ukuta. Yaani mimi niko kulia nashika usukani, yeye kushoto, halafu mwavuli, na ncha zake zinanichoma sikio kila gari likitikisika. Sikulalamika. Niliendesha taratibu nikiangalia mbele kwa jicho moja, hilo lingine lilikuwa limezibwa na mwavuli. Nilisikia tu akikohoa mara moja, na mimi nikakohoa kwa heshima.

Tukafika ule mteremko wa kuingia Kaplong. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa pande zote mbili, mahindi, viazi, mbuzi. Na pale mwisho wa mteremko kuna shimo. Si kubwa! Ni shimo la kawaida, kuku angelala humo.

Nikasikia chini yangu, tak.

Upande wa nyuma kulia ukakaa chini. Gari zima likainamia upande wangu, na kila kilichokuwa ndani kikaja kwangu, kikapu kikaja, mwavuli ukaja, na mama mkwe akaja. Alinikalia hapa, mapajani kabisa, mama wa watu, mzito, mwenye heshima zake. Sasa fundi mwingine yeyote, Mkipsigis, Mkikuyu, hata mzungu, angeshika usukani akakanyaga breki, mambo yakaishia hapo. Lakini mimi nililelewa na nyanya yangu, na nyanya alinifundisha kwamba mama mkwe hashikwi. Kwa hiyo nilifanya nini? Niliinua mikono yote miwili juu! Hivi! Kama mwizi aliyeambiwa simama! Miguu nayo nikaikusanya isimguse, breki nikaisahau, na Panzi, bila mtu wa kulishika, likaendelea kuteremka polepole ndani ya soko, linakokota tumbo, mimi mikono juu, mama mapajani, mwavuli umepinduka unanifunika kichwa.

Watu wakakimbia huku na huku, mbuzi wakakata kamba. Gari likaja kusimama ndani ya lundo la viazi vitamu vya mama mmoja (Mungu ambariki, vilikuwa vingi), na hakuna aliyeumia isipokuwa viazi.

Mwanamume mmoja akatukimbilia, mtu mwema kabisa, akauliza kwa sauti, "Pole! Bibi yako ameumia?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikapiga kelele soko zima lisikie, "Si bibi yangu! Ni mama mkwe!"

Halafu nikasikia mwanamke mmoja wa kwetu, muuza samaki, akimwita Mungu kwa lugha yetu, "Yoo, Nyasaye!" akajifunika uso kwa kanga, na kicheko kikaanza, kwanza upande wa samaki, kikaenda upande wa mahindi, kila mmoja akimweleza mwenzake. Wanawake wawili wakamtoa mama. Alifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akaokota kikapu, akaondoka anaruka na mguu mmoja akishikiliwa, bila kugeuka. Mimi nilibaki na mwavuli.

Karani Yeremia akafika anahema. "Kumetokea nini?"

"Ni barabara, mzee," nikasema. "Lile shimo. Pale hata gari jipya haliwezi."

Akaenda akaliangalia shimo. Akarudi. "Kweli hizi barabara zetu," akasema, na mimi nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza.

Panzi lilirudi nyumbani likivutwa na ng'ombe. Arap Rono akaingia chini, akatoka na vipande viwili vya ile pini, kimoja bado kina rangi yangu nyeusi, mpya, inang'aa. Akaniwekea mkononi akaenda kunywa chai. Afadhali angenitukana. Ndipo nikasema basi, wacha niweke ile mpya yaishe, nikatia mkono mfukoni.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Nikatafuta garini, nikageuza viti, nikarudi mpaka kwenye lundo la viazi nikapiga magoti, nikatafuta kwenye matope ya soko huku watu wananionyesha kidole, hakuna kitu. Na hapo nikakumbuka. Mfuko wa kushoto. Mama aliniangukia kutoka kushoto. Kikapu kilikuwa wazi.

Sasa niambieni, ungefanya nini? Mtu huruhusiwi hata kumsalimia, utamwendea useme naomba pini yangu? Jumatatu Bwana Haraka akarudi akalikuta Panzi juu ya magogo.

"Nini bado?"

"Pini moja, Bwana."

"Iko wapi?"

"Ilienda Kaplong, Bwana."

"Kaplong? Kaplong iko duka ya pini?"

"Hapana, Bwana. Iko kwa mtu."

Akanipa mpaka Jumatatu ijayo. Ndiyo maana nikawa mtu wa kwanza kwa upande huu wa nchi kwenda ukweni kuomba vitu viwili, msichana na pini.

Jumapili tukaenda, mimi na mshenga wangu Mzee Zefania, mwavuli nimeuosha nimeubeba mkononi. Karani Yeremia akatupokea vizuri, tukaombewa, chai ikaja. Katikati ya nyumba kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia najua nani ameketi, nilimwona kiatu, kimoja tu. Mzee akasema, "Yale ya sokoni tumeyasikia. Lakini barabara ni barabara. Hatuwezi kumhukumu kijana kwa shimo la serikali."

"Kabisa, mzee," nikasema, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. "Lile shimo lilikuwa baya."

Pazia likasogea. Akatoka Dorka, macho chini, ameshika sahani, na juu ya sahani leso imefungwa fundo. Akaiweka mezani mbele yetu. Akasema, "Mama anasema mgeni aulizwe, hiki kilichotoka mfukoni mwake kikamgonga mbavu ni kitu gani."

Mzee Zefania akafungua fundo. Akarudi nyuma. "Ni risasi?"

"Si risasi," nikasema.

Ilikuwa imepanguswa, safi, hata grisi imetolewa. Ningeweza kusema ni ya akiba, nani pale ndani alijua gari? Nilimwangalia Dorka, na Dorka akaniangalia mara moja tu, nikaona anaogopa nitakachosema kuliko mimi ninavyoogopa kukisema. Basi nikasema yote. Kutu, mafuta ya taa, Jumatatu, rangi nyeusi, kofia, kila kitu. Nikasema niliulizwa kama gari ni zima nikajibu ndiyo na ninajua si zima. Nilipomaliza chai yangu ilikuwa imepoa na Mzee Zefania alikuwa anatafuta kofia yake tuondoke.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikiongea na mumewe, si na mimi. "Baba Dorka, mwambie mgeni sikukasirika kwa kumwangukia. Kuanguka ni kuanguka, hata mimi nilianguka mtaroni. Lakini mguu wangu ulipouma nilisema unauma. Yeye alijua gari linauma akaniambia ni zima, akanipandisha. Sasa mtoto wangu akikaa kwa nyumba yake, atajuaje ni kitu gani kimepakwa rangi?"

Nikainama, nikaiangalia ile pini kwenye leso.

"Achukue pini yake akaifunge," ikasema. "Ile iliyokatika aniletee. Halafu ndipo tuzungumze habari ya msichana."

Jumatatu nilimwambia Bwana Haraka ukweli, akawa mwekundu kuliko Panzi, halafu nilipofika kwenye mikono juu ikabidi akae kwenye tairi, akacheka mpaka machozi, na alipomaliza kucheka akanitoa kwenye magari akaniweka kuosha malori mpaka msimu wa mvua ukaisha (kucheka hakukumzuia). Lakini aliniwacha nimalize upande ule kwanza. Ile bushi ya zamani iliyokuwa imebaki na kutu yake? Ilikuwa imelowa mafuta ya taa ya arap Rono wiki nzima, maana alikuwa akiimwagia kidogo kila asubuhi bila kuniambia. Nyundo tatu, ikatoka. Nikaweka pini mpya, na vile vipande viwili nikavifunga kwenye ileile leso, nikampa Mzee Zefania avipeleke. Alirudi na jibu la maneno mawili. "Sasa aje."

Dorka niko naye mpaka leo, ndiye huyo anacheka huko jikoni, mnamsikia. Na tangu siku hiyo mimi sijawahi tena kupaka rangi kitu ambacho sijatengeneza, iwe gari, iwe maneno. Haikuwa kwa sababu nimekuwa malaika. Ni kwamba mama hakuniacha. Kila mara alipotaka kusafiri kwenye gari nililoshika mimi, miaka na miaka, alisimama mbali na kikapu chake, ameangalia pembeni, akamtuma binti yake. "Muulize, pini zote?" Na mimi nikamjibu Dorka, "Mwambie, zote." Ndipo anapanda, nyuma kabisa. Hatukuwahi kuongea zaidi ya hapo, mimi na yeye, maisha yote.

Alipofariki tulimpeleka kwao ziwani kwa lori la shamba. Watu wameshapanda, wanaimba, dereva anataka kuwasha, nikamwambia ngoja. Nikavua koti langu la msiba nikaingia chini ya lori na shati jeupe, nikalala pale kwenye matope nikashika pini moja moja kwa mkono, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Nilipotoka nikasimama pale nyuma alipolala, na kwa mara ya kwanza nikamwambia mwenyewe bila kumtuma mtu.

"Zote, mama."